Paneli inachemka, tangi lina maji ya vuguvugu: anza na bomba la juu

Mkuu, umesema saa saba mchana bomba la kupumulia la mfumo wako wa kupasha maji kwa jua linatoa mvuke, jioni wageni wako wanaoga maji ya vuguvugu, na fundi anataka uongeze paneli ya tatu. Usiongeze. Joto unalo tele, ila halifiki tangini.

Mfumo wako hauna pampu. Maji ya moto hupanda kwa kuwa ni mepesi kidogo kuliko ya baridi, na wepesi wenyewe ni mdogo mno: kati ya maji ya nyuzi 60 na ya nyuzi 40, kila mita moja ya kimo inakupa msukumo usiofika hata sentimita moja ya maji. Hewa kidogo ikikwama bombani, mzunguko unakufa. Maji yanabaki kwenye paneli hadi yachemke, na hapo Dodoma hayahitaji kufika 100, nyuzi 96 hivi zinatosha.

Panda paani asubuhi kabla paneli haijashika moto, uweke pimamaji kwenye bomba linalotoka kona ya juu ya paneli kwenda tangini. Linatakiwa lipande mwanzo mwisho. Kuna gesti niliitwa, bomba hilo lilikuwa la PPR, yaani plastiki, na klampu mbili tu. PPR ikipata joto hurefuka. Mita 3 zikipanda nyuzi 50 zinaongezeka zaidi ya sentimita 2. Likalegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, hewa ikajaa kabla ya mbonyeo. Ukigusa upande wa paneli unaungua, upande wa tangi baridi. Tukaweka shaba ya milimita 22 yenye mwinuko, na jioni ileile maji yalikuwa moto.

Bomba likiwa sawa, shuku chokaa iliyoganda kwenye mirija ya paneli, maana maji ya visima vya huko ni magumu, yana chokaa nyingi. Mirija husafishwa kwa asidi ya sitriki, paneli ikiwa imepoa na kufunikwa turubai. Hakikisha pia kitako cha tangi kiko kama sentimita 30 juu ya ukingo wa juu wa paneli, la sivyo usiku maji yanarudi nyuma na kupoa.

Na mtu akitaka kuziba bomba la kupumulia ili mvuke uishe, mshushe kwenye ngazi. Mvuke ukikosa njia, tangi linaweza kupasuka juu ya vichwa vya wageni wako.