Jibu: Kaka yangu atafanywa panya wa majaribio?

Dada wa Likoni, umeuliza kama kaka, aliyeshauriwa huko Chennai ajiunge na utafiti wa mchanganyiko mpya wa dawa kabla ya kupandikizwa seli shina (seli zinazozalisha damu), atafanywa panya wa majaribio. La hasha, ila msitie sahihi kabla hamjauliza.

Dawa hizo huua seli za lukemia, yaani saratani ya damu, zilizosalia na kudhoofisha kinga ili seli za mtu aliyemchangia zisikataliwe. Zamani ilikuwa busulfani na siklofosfamidi; zinafanya kazi lakini ini na kibofu huumia. Fludarabini ikaja kuchukua nafasi ya siklofosfamidi kwa wengi, na Januari 2025 Marekani ikaidhinisha treosulfani itumike pamoja nayo. Zote zilipitia majaribio. Busulfani hadi leo hospitali nyingi hutoa damu mara kadhaa baada ya dozi kupima kiwango chake: ikizidi ini hudhurika, ikipungua ugonjwa waweza kurudi.

Muulizeni daktari utafiti huo uko awamu ya ngapi. Ya kwanza hutafuta dozi inayovumilika tu. Ya tatu kwa kawaida hulinganisha na dawa zilizozoeleka, kwa kura, na kaka hachagui kundi. Kujitoa ni haki yake, lakini uboho ukishauliwa hana budi kupandikizwa, kwa hiyo mwenye shaka aseme mapema. Akipata madhara, bili ni ya nani? Msije mkaitisha harambee nyingine.

Na mwarobaini anaochemshiwa na shangazi, jamani, daktari aambiwe.