Baiskeli ya chuma ya zamani au mpya ya kaboni?

Ndugu yangu, umeuliza uchukue ile baiskeli ya mbio ya chuma ya miaka ya 80 au uongeze hela ununue mpya ya kaboni, mi nakwambia kama hushindani chukua chuma, ila ikague kwanza. Angalia stika kwenye fremu, ukikuta Reynolds 531 ujue fremu imetengenezwa kwa mabomba ya chuma mazuri sana, yalianza 1935 na mpaka leo watu wanayatafuta. Halafu jaribu kuchomoa nguzo ya kiti, ikigoma kabisa achana nayo, maana nguzo nyingi ni za alumini, na ikishang'ang'ania ndani ya fremu ya chuma kuitoa ni shughuli pevu na fremu yenyewe inaweza kuharibika. Kutu ya juu juu isikutishe, iliyotoboa ndo mbaya.

Mpya ni nyepesi, hilo sibishi, na breki za diski kwenye mvua zinashika vizuri zaidi. Ila chuma kikipinda kidogo kinanyooshwa, kikipasuka kinachomelewa, na yale maungio, vile vipande vinavyoshikanisha mabomba ya fremu, yaliyopigwa tupa kwa mkono mpaka ncha ikawa nyembamba kama jani, aisee mi nikiyaona kila asubuhi natamani kutoka tu.