Jibu: Apatimenti ya kifahari katikati ya jiji, niangalie nini kabla ya kulipa?

Ndugu yangu, umesema apatimenti umeipenda, bei mmeshakaribiana na dalali anakuharakisha utoe malipo ya awali. Usitoe kwanza.

Mimi ningeanza na ada ya huduma ya kila mwezi. Bwawa, lifti, walinzi na jenereta vinalipiwa na wenye nyumba wote, uogelee usiogelee. Omba hesabu za jengo za miaka 3 iliyopita pamoja na kumbukumbu za mikutano ya wamiliki. Humo ndimo utakutana na lifti inayokufa kila mara, paa linalovuja na majirani sugu wasiolipa. Uliza pia kama kuna mfuko wa akiba wa matengenezo makubwa. Mfuko huo ukiwa mtupu, siku pampu ikiungua mtachangishwa, na ugeni wako hautakuokoa.

Kelele usizipime saa nne asubuhi, muda ambao dalali anapenda kukupeleka. Rudi usiku wa wikiendi, funga madirisha, zima kiyoyozi, kisha simama chumbani kimya. Kioo chembamba cha tabaka moja hakizuii honi wala muziki wa baa. Ukiwa hapo fungua bomba la bafuni uone presha ya maji.

Hati ikaguliwe na mwanasheria wako, si wa muuzaji: ni ya apatimenti yenyewe, na haina rehani? Maegesho nayo yawe kwenye maandishi. "Utapewa nafasi tu" haitoshi.

Kuhusu mandhari, kama mbele kuna kiwanja kitupu, chukulia kwamba kitajengwa.