Uliza kwanza msimu uliopita palipandwa nini

Mwenzangu unayeanza kazi ya ugani, ya kuwashauri wakulima, huku Malindi, ukifika kwenye shamba la mtu usianze kwa kumwuliza anataka kupanda nini. Muulize msimu uliopita hapo palipandwa nini, na ule wa kabla yake je.

Mimi nililijua hili kwa hasara ya mtu mwingine. Mama mmoja alikuwa na nyanya karibu na mto Sabaki. Zikanyauka ghafla, majani yangali ya kijani na udongo una maji. Nikamshauri aache nyanya, msimu ujao apande mabiringani. Alinisikiliza, akanunua mbegu, akatia mbolea. Yalistawi mpaka yakaanza kutoa maua, kisha yakalala vile vile. Nilikuwa nimembadilishia zao, sikumbadilishia ukoo. Nyanya, biringani, pilipili, viazi vya mviringo, tumbaku na hata mnavu wetu wa mboga ni familia moja, vitabuni huitwa Solanaceae, na bakteria wa mnyauko hukaa udongoni miaka akiwangoja. Yule mama hakunilaumu, lakini mbegu zile alizinunua kwa pesa yake, na sijasahau.

Siku hizi nikishuku mnyauko nakata shina karibu na ardhi, natumbukiza ncha iliyokatwa kwenye glasi ya maji safi, nangoja dakika chache. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, ni bakteria, na hakuna dawa ya dukani itakayoponya mmea huo. Ung'oe, kisha panda mahindi au mtama misimu kadhaa, walau miaka 3. Mnavu unaojiotea nao uondolewe, maana unaufuga ugonjwa. Hapo ongea kwa upole. Unamwambia mtu ang'oe kitoweo chake cha jioni.

Ukoo utautambua kwa ua kuliko kwa jani. Shika ua la nyanya, kisha la biringani na la mnavu: yote yana petali 5 zilizoungana chini, na katikati chavua imekaa kwenye vijiti vya manjano vilivyosimama pamoja. Kunde, pojo na mbaazi maua yao ni kama kipepeo, na baadaye huja ganda lenye mbegu. Hao ng'oa mmoja uone mizizi. Pasua kile kinundu kidogo: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinaitengenezea mimea naitrojeni, yaani chakula chake. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi kazi.

Mahindi, mtama, mpunga na muwa ni nyasi wote. Viwavijeshi vamizi walioingia Kenya mwaka 2017 wanaujua undugu huo vizuri, kwa hiyo usimwambie mtu mtama utamwokoa.

Matikiti, matango na maboga yatakuletea malalamiko ya bure. Mkulima atakuita kwamba maua yanadondoka, na pengine ameshapiga dawa. Mwonyeshe: ua dume lina kikonyo chembamba tu, ua jike lina kitikiti kidogo nyuma yake. Madume hutangulia, hudondoka, na si ugonjwa. Ugonjwa wa kweli ni kupiga dawa asubuhi wakati nyuki wako kazini, kwa sababu bila nyuki ua jike nalo litadondoka.

Mwembe na mkorosho ni ndugu pia. Mtu anayevimba midomo kwa utomvu wa embe asikubali kubangua korosho mbichi, mafuta ya ganda lile yatamchoma vibaya zaidi.

Ukipelekwa Lamu, upande wa Mpeketoni kunakolimwa pamba, kumbuka kwamba pamba, bamia, msufi na mbuyu ni ukoo mmoja. Kunguni wekundu wa pamba hulelewa na hao wengine. Mbuyu usiuguse, una kazi zake nyingi. Mabua ya pamba ndiyo yaondolewe mapema baada ya kuvuna, na bamia isipandwe mpakani.

Weka daftari, kila kipande cha shamba na ukurasa wake, na uandike ukoo badala ya jina la zao. Wa yule mama ninao mpaka leo, ukoo wa nyanya nauita mnavu: mnavu, mnavu, nyasi, nyasi, nyasi, kunde. Mwezi huu tunajadiliana naye kama nyanya zirudi.