Barua kwa mwanangu: maji hayaulizi umelala wapi

Mwanangu,

Salamu zenu zimefika, na sisi huku Majengo ya Mombasa hatujambo ila joto. Kaskazi imeanza kuvuma, lakini humu vichochoroni upepo unapita juu ya mabati na kutuachia jasho letu.

Umeniuliza swali la mstari mmoja, nalo limeninyima usingizi. Mkija Desemba, siku ya pili ya Krismasi muwapeleke watoto Pirates, ule ufuo wa umma, kama tulivyokuwa tukiwapeleka nyinyi, au mlipie pasi ya kutwa kwenye hoteli moja ya Bamburi: asubuhi mnaingia, mnakula humohumo, watoto wanaoga kwenye bwawa, jioni mnatoka. Ukaongeza kwamba mkwe wangu anaona hoteli ni afadhali, kwa usalama wa watoto.

Mkwe wangu nampenda na simpingi. Nyumba ina wenyewe, na mimi si mama wa kuwapangia watu safari kwa simu. Ila amekulia Nakuru, mwanangu. Ziwa la kwao ni la kutazama ndege, hakuna anayetia mguu. Akisema usalama, yeye anawaza ukuta na geti. Mimi nawaza maji.

Kwa hiyo kabla hamjatazama bei ya hoteli, tazameni mwezi. Tarehe 26 ikiangukia mwezi mwandamo au mpevu, au siku mbili tatu baada yake, basi ni bamvua. Maji yatakupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, watoto wacheze vidimbwini wanavyotaka, halafu yanaanza kurudi, na kufikia saa nane hayana mchezo, mpaka yajae saa kumi au saa kumi na moja jioni. Siku hizo tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Yakiwa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa zinageuka: asubuhi yamejaa, jioni ndiyo yanapwa, na hayaendi mbali. Wewe haya unayajua, nakukumbusha tu kwa sababu umekaa Nairobi miaka mingi na mtu husahau. Bwawa la hoteli halina kupwa wala kujaa. Mtoto aliyefundishwa kuogelea bwawani ama anakuja kuiogopa bahari, ama haiogopi hata kidogo, na huyo wa pili ndiye wa kumlilia.

Tena sitaki useme mamako kaipamba Pirates. Siku ya Idd na siku ya baada ya Krismasi mchanga hauonekani. Ngamia anapita katikati ya mikeka ya watu. Mpiga picha amekushika mkono hujamwita. Vijana wa kukodisha tyubu wanapiga kelele, wa boti za kioo wanakuita uende ukaone samaki mwambani, na hizo boti zenye mashine zinapita karibu na vichwa vya watoto kiasi cha kunitoa roho. Chooni foleni, tena ya kulipia. Watoto hupotea, hata kaka yako alipotea, tukamkuta kwa muuza kachiri akila bila wasiwasi. Hapo hoteli inashinda, nakubali. Na mkienda Pirates waandikieni watoto namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino kabla hamjashuka kwenye matatu.

Lakini jiulize kwa nini kunajaa hivyo. Kutoka Nyali mpaka Shanzu ni ufuo mrefu na mchanga ni uleule. Kinachokosekana ni njia ya kuufikia. Ploti zimejipanga kutoka barabara ya Malindi hadi mchangani, hoteli, nyumba za likizo, hoteli tena, na vichochoro vya zamani vingi vimetiwa geti. Basi Mombasa nzima, pamoja na mabasi ya shule kutoka bara, inapenya tundu moja. Kisha tunaambiwa wenyeji tunapenda msongamano.

Kichochoro kimoja baba yenu alikijua. Alionyeshwa na mwenzake wa bandarini. Wewe hukumbuki, au unakumbuka biskuti tu.

Ilikuwa 1996, siku hiyohiyo ya pili ya Krismasi. Wewe ulikuwa darasa la pili na kaka yako hajaanza shule. Baba yenu alisema mwaka huo hatuendi Pirates kugombania mchanga, tunakwenda pahali pa utulivu. Nikaamka alfajiri kukaanga viazi karai. Vile vyangu, unga mzito wa bizari, viazi vimechemshwa visivunjike, mafuta yamechemka sawasawa hata ganda linakuwa jembamba na linalia ukiling'ata. Chatini ya ukwaju nikaitia kwenye chupa ya jemu nikaifunga na kitambaa. Tukashuka Bamburi, tukapenya kile kichochoro kati ya kuta mbili, na bahari ikajitokeza mbele yetu tupu, maji yamekupwa, hakuna mtu ila wazungu wachache kwenye vitanda vyao vya kamba. Baba yenu alinitazama akacheka. Siku hizo alikuwa hacheki ovyo.

Tukatandika mkeka chini ya mnazi. Hata chatini sijaifungua, akaja askari wa hoteli. Kijana mdogo, khaki imepigwa pasi ikasimama, rungu kwapani, buti zimejaa mchanga. Akasalimia vizuri, sitamsingizia. Akauliza, "Mmelala hapa?"

Nikadhani anauliza kama tumelala pale ufuoni usiku. Baba yenu ndiye aliyeelewa. Akasema hapana, tumekuja kupunga upepo tu. Yule kijana akasema basi, mzee, hapa ni pa wageni waliolala, sogeeni kidogo. Na baba yenu, mtu ambaye nyumbani hata bakuli lake halihamishwi bila kuulizwa, akasema samahani, samahani bwana mkubwa, akaanza kukunja mkeka.

Bwana mkubwa! Kijana aliyekuwa sawa na mdogo wake wa mwisho.

Pale karibu alikuwapo bibi mmoja wa Kijerumani kitandani kwake, ametuona mwanzo hadi mwisho. Akakuita kwa kidole, akakupa biskuti. Ukaipokea kwa mikono miwili kama nilivyokufunza, ukamwambia "danke", neno ulilolisikia kwa vijana wa ufuoni. Bibi akapiga makofi kwa furaha. Mwanangu, mpaka leo sijui nilichokisikia moyoni. Nilifurahi una adabu na kichwa chepesi. Na nilitaka kuipokonya ile biskuti niitupe baharini.

Sikuipokonya. Nilimuuliza askari, "Hapa pa wageni ni mpaka wapi?" Akatazama huku na huku, akanyoosha rungu kwenye ule mstari wa majani makavu ya bahari, yale yanayoachwa na maji yakijaa. Nikamshukuru. Nikauchukua mkeka mikononi mwa baba yenu, nikashuka hatua mbili chini ya mstari, nikautandika pale mchanga ulipo bado mbichi, nikakaa na buibui langu, nikafungua chatini. Nikawaita mje mle. Askari akabaki amesimama juu ya mstari wake, hajui afanye nini. Nikamkaribisha kiazi. Akasema, "Ahsante mama, nimetumwa tu."

Baba yenu alikula amesimama.

Tukakaa pale mchana wote. Mkaogelea, mkachimba, mkafukuza kaa. Mnamo saa kumi maji yakaja kunilamba vidole, nikanyanyuka, nikakung'uta mkeka polepole ili kila mwenye macho aone. Maji ndiyo yaliyotuondoa, si mtu. Maji hayaulizi umelala wapi, nikamwambia baba yenu tukiwa kwenye matatu, nikidhani atacheka kama asubuhi. Akatazama nje hadi tumevuka daraja la Nyali. Tulipofika mlangoni ndipo akasema, "Umeniaibisha mbele ya watoto."

Nani alimwaibisha nani? Nimelizungusha swali hilo tangu siku ile. Alikuwa karani, amezoea kwamba mwenye sare akisema ondoka, unaondoka kwanza, unauliza baadaye, na mara nyingi huulizi. Mshahara ule ule ndio uliowasomesha. Pengine alitaka tu siku yake ya kucheka isiharibike, na mimi ndiye niliyeifanya iwe mahakama. Hilo nalipima. Lakini nikilipima sana namwona tena akisema bwana mkubwa, na ile huruma inakauka.

Katiba ya 2010 ilipotoka nilimwambia kaka yako anisomee habari za ardhi. Kifungu cha 62 kimesema wazi: ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Nikamgeukia baba yenu, nikamwambia si unaona? Mkeka wangu ulikuwa ndani ya Katiba hata haijaandikwa. Akanyamaza, akakoroga chai yake. Kisha akasema, "Mkeka ulilowa, mke wangu." Mungu amrehemu.

Yule askari nilimwona tena. Vurugu za Likoni zilipotokea Agosti 1997 watalii walikata mguu, hoteli zikapunguza watu, na mwaka uliofuata nikamkuta sokoni Kongowea akiuza nyanya. Alinitambua yeye, mimi sikumtambua bila khaki. Akanitilia nyanya mbili za nyongeza. Hatukuitaja siku ile. Nikawaza njiani: alikuwa akilinda mstari wa watu ambao walipoondoka hawakumuuliza yeye atalala wapi.

Na 2004 ulikuwa kidato cha pili, hilo lazima unalikumbuka. Tuko Pirates, Jumapili, tarehe 26 Desemba, polisi wakaja wanapuliza filimbi kila mtu atoke majini. Tetemeko la Sumatra la alfajiri lilikuwa limeyasukuma maji mpaka kwetu. Watu wa Pirates wakatoka na tyubu zao, watu wa hoteli wakatoka na taulo zao, tukajazana sote kando ya barabara ya Malindi, Mzungu mmoja miguu mitupu kwenye lami ya moto na mama mmoja wa Kisauni akimvua mwanawe ndara ampe. Siku hiyo geti zote zilikuwa wazi na hakuna aliyeuliza mtu amelala wapi. Kenya nzima alikufa mtu mmoja, Watamu. Tanzania walikufa kumi au zaidi. Mwamba ulitusaidia, na maji yalikuwa bado chini. Ndiyo nikasema, mwangalie mwezi kwanza.

Sasa nikisoma nilichoandika naona sijakujibu. Wewe umeuliza wapi watoto watafurahi, mimi nimekupa kesi ya mkeka. Tuseme basi ukweli wa upande wa pili. Pasi ya hoteli unailipa kwa pesa zako, ulizozitokea jasho, na huyo askari wa leo atakufungulia geti na kukuita madam. Kuna ubaya gani hapo? Sisi tulifukuzwa ili nyinyi mwingie, mtu anaweza kusema hivyo. Shangazi yako anasema hivyo. Wajukuu wangu watakaa kwenye vitanda vya kamba, wataletewa juisi, na kama mtoto wa Majengo atatandika mkeka chini ya mnazi, watamwona akiambiwa asogee.

Hapo ndipo ninapokwama. Sitaki wamwone, halafu mmoja wao ampe biskuti.

Lakini pia sitaki waumwe tumbo na mabuyu ya rangi, wala wakanyagwe na ngamia. Na mdogo ana pumu, jua la Pirates na ule moshi wa mahindi si mchezo. Mnaweza pia kwenda hoteli asubuhi na kushuka ufuoni jioni, sijui, watu wenye pesa wana njia nyingi za kugawanya siku. Mimi siamui. Nyinyi ndio wazazi, na mkwe wangu ana busara zake. Msije mkasema mama katulazimisha.

Ila nimesikia kwa jirani kwamba hotelini hawakubali chakula kutoka nje. Nakwambia kama habari tu, sina nia nyingine. Na treni yenu ikifika Miritini usiku msipande teksi ya kwanza inayowaita, kaka yako atakuja kuwachukua.

Viazi nitavinunua Kongowea tarehe 24, kwa sababu baadaye bei inapanda na vinabaki vile vya maji vinavyovunjika kwenye karai. Kama ni hoteli kilo moja inanitosha, nitakula mwenyewe barazani. Kama ni Pirates nahitaji kilo 5, na ukwaju niuloweke tangu usiku. Nipigie kabla ya hapo uniambie ni kilo ngapi.

Mamako