Natawadha Dakika 40 na Bado Naona Udhu Haujatimia

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni msichana wa miaka 24. Kutawadha kunanichukua dakika 40, kuchamba nusu saa, na janaba naoga kwa ndoo 3 za lita 20. Nikisimama kwenye msala narudia takbira mara 15 au 20 kwa kuona nia haikukaa. Tangu Ramadhani zinanijia fikra chafu juu ya Mwenyezi Mungu, na nikishika msahafu ndiyo zinazidi, basi natoa shahada upya na kwenda kuoga. Kila siku namwuliza mama kama ameniona nikiosha kiwiko. Je, swala zangu zinasihi? Nimekufuru? Nilipe swala za nyuma? Nimesomewa visomo, hali iko pale pale.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Dada yetu, tuanze na hukumu. Swala zako zimesihi. Hukukufuru. Huna swala ya kulipa kwa ajili ya shaka hizi. Yasome majibu haya leo, kisha usiyatafute tena kwa sheikh mwingine; sababu ya kukukataza utaiona huko mbele.

Kuhusu fikra, Masahaba walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwambia kuwa nafsini mwao wanakuta mambo makubwa mno hata hawathubutu kuyatamka. Akawauliza: kweli mmeyakuta? Wakasema ndiyo. Akasema hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Ameipokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra. Na imethibiti kwa Bukhari na Muslim kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale yanayopita nafsini maadamu mtu hajayatamka wala kuyatenda. Ukitoa shahada upya kila fikra inapopita, unaungama kosa ambalo hukulitenda, na unaiambia nafsi yako kuwa ulikuwa umetoka katika Uislamu. Hukutoka.

Hali hii wanazuoni wetu huiita waswasi, na hospitali huiita OCD, yaani ugonjwa wa fikra zinazojirudia na vitendo vya kulazimika. Inakwenda hivi: shaka inaingia, moyo unakaza, unaosha, unapata nafuu ya dakika mbili. Nafuu hiyo ndiyo inayokuumiza, kwa sababu inakufundisha kwamba hatari ilikuwa ya kweli na kuosha ndiko kulikokuokoa. Kesho shaka inarudi ikidai zaidi. Ndivyo dakika 5 zilivyokuwa 15, na 15 zikawa 40, ingawa mwili wako haukuzidi uchafu.

Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi wa karne ya 10 Hijria, aliulizwa kama waswasi una dawa. Akajibu kuwa ipo yenye kufaa: kuupuuza kabisa, hata kama nafsi imebaki inasitasita. Na anayeusikiliza na kuufuata, akasema, unamzidi mpaka unamfikisha kwenye hali ya wendawazimu. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London aliandika juu ya wagonjwa aliowatibu kwa kuwakutanisha na kile wanachokiogopa huku wakizuiwa kuosha. Tiba hiyo, kuikabili shaka na kuzuia kitendo, ndiyo inayotegemewa zaidi hospitalini hadi leo. Utaona kuwa shabaha ni ileile: shaka isijibiwe.

Kabla ya hatua, jua kiasi ambacho sharia inakutaka. Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani kibaba, na akioga kwa pishi moja, yaani vibaba vinne, hadi vibaba vitano. Ni hadithi ya Anas kwa Bukhari na Muslim. Kibaba cha maji hakizidi robo tatu ya lita. Na imethibiti kwa Bukhari kwamba alitawadha mara moja moja, yaani kila kiungo aliosha mara moja tu. Mara tatu ni sunna, na Mtume alisema anayezidisha hapo amefanya vibaya na amevuka mpaka. Kwa muda huu wa matibabu wewe osha mara moja moja. Fardhi za udhu kwetu Mashafi ni 6: nia, uso, mikono mpaka viwiko, kupaka sehemu ya kichwa, miguu mpaka vifundo, na mpangilio.

Sasa kazi yenyewe. Chukua daftari, andika yote unayoyafanya kwa waswasi, na mbele ya kila moja weka namba kutoka 0 hadi 10: ukiliacha utateseka kiasi gani? Huenda kuacha kumwuliza mama ni 4, takbira moja ni 6, kuchamba kwa dakika 5 ni 8, kuacha kuoga baada ya fikra ni 9. Anza na la 4. Wengi huanza na la 9 siku ya kwanza, wanashindwa kabla ya adhuhuri, wanasema tiba haifai.

Udhu uutoe kwenye bomba. Bomba halina mwisho, na waswasi unapenda kisichokuwa na mwisho. Wiki ya kwanza jaza chupa ya lita moja na nusu, dakika 15. Ya pili lita moja, dakika 10. Ya tatu kibaba, dakika 5. Mimina kiganjani, sugua, nenda kiungo kinachofuata. Usisogee kwenye taa kutazama kama pamebaki pakavu. Ukishamaliza na kutoka, ikaja sauti "kiwiko cha kulia hukukiosha", shaka inayokuja baada ya kumaliza ibada haizingatiwi. Nenda ukasimame kwenye msala wa kuswalia na shaka yako hivyohivyo.

Hapo ndipo patakapouma. Moyo utadunda, utahisi unamswalia Mola wako bila tohara. Andika namba: 7, labda 8. Usifanye chochote cha kuishusha. Baada ya nusu saa, wakati mwingine saa nzima, itakuwa imeshuka yenyewe, na ukirudia kila siku itaanza chini zaidi. Siku nyingine haitashuka haraka. Si kitu, maana unachojifunza ni kwamba unaweza kuibeba shaka na ukaendelea kuswali, kupika na kulala. Ikiwa kuacha moja kwa moja kumekushinda, ahirisha: jiambie nitaosha baada ya dakika 15, na zikiisha ongeza nyingine 15.

Kuchamba: maji mpaka uondoke uchafu kwa dhana yako, kisha basi, bila kunusa wala kukagua. Nyunyiza maji kidogo kwenye nguo ya ndani, na unyevu wowote utakaouhisi baadaye uhesabu ni maji hayo. Hili limepokewa katika sunna.

Takbira sema moja, kwa pumzi moja. Mashafi wengi wananasa hapa kwa sababu vitabu vyetu vinataka nia iambatane na takbira, basi mtu anajaribu kulipanga kila neno moyoni ndani ya "Allahu Akbar". Imamu Nawawi, akimfuata Ghazali na Juwayni aitwaye Imamu wa Haramu Mbili, amechagua kuwa inatosha kuambatana kwa desturi ya watu: mtu aonekane anaikumbuka swala yake, haghafiliki nayo. Umeinuka, umetandika msala, adhuhuri imeingia. Ungeulizwa unafanya nini ungejibu bila kufikiri. Hiyo ndiyo nia. Idadi ya rakaa ikikutatiza, hesabu kuwa umetimiza. Hukumu ya kujengea kwenye idadi ndogo ni ya mtu anayepatwa na shaka mara mojamoja; yule ambaye shaka inamjia kila siku, wanazuoni wa madhehebu ya Maliki wamempa jina lake, mustankihi, na wakamwambia aachane nayo.

Kwa fikra chafu, usilazimike kutamka neno lolote la kufuru eti ni mazoezi. Zoezi lako ni kubaki pale fikra zinapokuja. Andika kwenye karatasi: "Huenda fikra mbaya ikanijia nikisoma Yasini, nami nitaendelea kusoma." Isome, fungua msahafu, soma dakika 10. Ikija, sema audhu billahi mara moja, kama alivyoelekeza Mtume: ajilinde kwa Mwenyezi Mungu na akome. Neno "akome" ndilo watu wanalosahau. Audhu mara 50 mpaka moyo utulie ni kuosha kwa ulimi.

Na hilo ni katika mambo yanayoiharibu tiba kimyakimya: kuacha kuosha kwa maji ukaosha kwa maneno. Kujiambia moyoni "ni safi, ni safi", kurudia kichwani picha ya udhu kuhakikisha, kutafuta fatwa moja usiku kucha kwenye simu, vyote ni kuosha. Visomo pia. Adhkari za asubuhi na jioni zisome kama Waislamu wote, kwa idadi yake. Ukirudia aya kwa kuhisi haikutoka sawa, hicho kisomo kimekuwa sehemu ya ugonjwa.

Mama naye anahitaji maelekezo, kwa sababu anajibu kwa huruma na huruma hiyo inalisha waswasi. Kubalianeni ukiwa umetulia, si katikati ya kilio. Ukimwuliza kiwiko, aseme: "Mwanangu, tulikubaliana sijibu hilo. Njoo tukae." Asikuzomee, asikujibu.

Usiweke vitu vichafu kwa hakika katika mazoezi, havihitajiki. Vinavyokutisha vingi ni tohara kwa asili yake: sakafu kavu ya bafu, ndara zilizolowa, pindo la nguo lililogusa mlango wa choo. Asili ya vitu ni tohara, na yakini haiondoshwi na shaka. Gusa, kisha swali na nguo hiyohiyo.

Waswasi unaokula zaidi ya saa moja kwa siku ni wa kupelekwa hospitali, na wako umeshapita hapo. Zanzibar iko Kidongo Chekundu, Dar es Salaam Muhimbili, Nairobi Mathari. Fanya mazoezi haya huku ukitibiwa. Dawa kama fluoksetini au setralini huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake, wakati mwingine kwa kipimo kikubwa kuliko cha ugonjwa wa huzuni (sonona), na usiziache ghafla bila daktari. Si dawa za kulevya wala si upungufu wa tawakkul. Ukianza kutamani kufa, usingoje miadi: mwambie mama leo na mwende leo.

Kutakuwa na siku utakayorudi kwenye dakika 40, hasa ukikosa usingizi au Ramadhani ikikaribia. Swala inayofuata, chukua chupa yako ya wiki uliyofikia. Usianze upya daftari.

Ukiniandikia tena kuuliza kama swala ya jana imesihi, sitakujibu, na utajua kwa nini. Ukiniandikia namba za daftari lako, nitazisoma kwa furaha. Wallahu aalam.