Uliza Fundi: Geini ya amplifaya kwenye boda siyo voliumu

Mambo fundi. Mi ni dereva boda, Mbagala. Nina Boxer, nimefunga kiredio cha Bluetooth chenye RCA (zile soketi za kupeleka sauti kwenye amplifaya), amplifaya ya chaneli mbili na spika mbili za inchi 6.5, ohm 4. Aliyenifungia alizungusha geini mpaka mwisho akasema hapo ndo inatoa mziki. Sasa hivi spika moja inakwaruza, twita (vile vispika vidogo vya sauti kali) zimekufa zote na amplifaya ikipiga kidogo tu huwezi kuishika. Nimenunua spika mpya ila naogopa kuziunga. Geini inakaa wapi?

Afadhali umeuliza kabla hujaziunga mkuu, maana ungeziunga tu hapo na zenyewe zingefuata njia ya wenzake.

Aliyekufungia amefanya kile wanachofanya wengi, ameichukulia geini kama voliumu ya pili. Geini kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio, yaani redio yako inaleta umeme kiasi gani kwenye RCA na amplifaya iukuze mara ngapi mpaka ifike mwisho wa uwezo wake bila kupitiliza. Zipo redio zinatoa volti 4, zipo za 2, na hivi viredio vya pikipiki vingine havifiki hata hiyo 2. Ukifungua geini mno, redio ikiwa nusu tu amplifaya inakuwa imeshamaliza nguvu zake, ukizidi kuongeza huongezi sauti unaongeza uchafu. Wimbi la sauti linataka kupanda juu kuliko umeme uliopo kwenye betri, sasa linakatwa vichwa, ni kama mtu mrefu unampitisha kwa lazima kwenye mlango mfupi. Hilo wimbi lililokatwa vichwa linazalisha sauti kali za juu ambazo hazikuwepo kwenye nyimbo na zote zinaenda kuishia kwenye twita, ndo maana za kwako zimetangulia.

Halafu angalia vile vinamba pembeni ya skrubu ya geini. Kuna pameandikwa labda 6V upande mmoja na 0.2V upande wa pili. Watu wanaona 6 wanasema hiyo ndo kubwa, wapi! 6V maana yake amplifaya inasubiri iletewe volti 6 ndo ifike mwisho, hapo geini iko chini kabisa. 0.2V ndo imefunguka yote.

Sasa kabla hujashika bisibisi tukubaliane kuhusu wati, maana hapa ndo kwenye uongo mwingi. Hizi amplifaya ndogo za bei nafuu nyingi hazina transfoma ndani ya kupandisha umeme, zinatumia volti za betri kama zilivyo. Pikipiki ikichaji vizuri betri inakuwa kwenye 14.4, na kwa umeme huo chaneli moja kwenye spika ya ohm 4 haiwezi kuvuka wati 26 hivi za sauti safi, hata ingetengenezwa na malaika. Ukiwa sailensa, yaani injini inaunguruma bila kuvuta mafuta, na taa imewaka umeme unashuka labda 12.5, hapo zinabaki kama 19. Kwa hiyo geini ya boda ipangwe kwa hali mbaya siyo kwa hali nzuri, mi nakwambia kadiria wati 18 kwa chaneli.

Utafanya hivi. Chomoa waya za spika zote mbili kwenye amplifaya. Ikwalaiza ya redio weka katikati yote, zima besi busti, zima loudness, na kwenye simu pia zima yale madoido ya sauti, hili watu wanalisahau sana kwa sababu simu nayo ni redio kabla ya redio. Voliumu ya simu peleka mwisho halafu rudisha kidogo. Voliumu ya redio weka robo tatu, kama inaishia 40 weka 30. Hapo robo tatu ndo patakuwa mwisho wako siku zote, huko juu usiende tena.

Geini rudisha chini kabisa. Pakua programu ya kutoa mlio mmoja mfululizo kwenye simu, ziko za bure, weka mlio wa Hz 300, sauti ya ndani ya hiyo programu ikiwa mwisho. Wengi watakwambia 1000, na kwa mita nzuri ya kupimia umeme ni sawa, ila hizi mita za njano za bei ya chini tunazonunua Kariakoo upande wa AC zinasoma vizuri mpaka kama Hz 400 tu, juu ya hapo zinaanza kudanganya. Mita weka AC, ile 200, siyo DC. Shika nguzo mbili za chaneli moja pale spika inapoungwa, usishike ya chaneli hii na ya chaneli ile.

Namba unayoitafuta unaipata hivi: wati zidisha kwa ohm, halafu tafuta kipeuo cha pili, ile √ ya kwenye kalkuleta. Wati 18 kwa ohm 4 ni 72, kipeuo chake 8.5. Basi ongeza geini taratibu mpaka mita isome 8.5, acha hapo. Ungekuwa na amplifaya kubwa yenye transfoma yake ya wati 50 za kweli ungeenda mpaka 14.1. Ukimaliza chaneli hii pima na ya pili, halafu zima, unga spika, washa na voliumu ikiwa chini.

Kama mita huna, tumia masikio. Zima injini, tafuta sehemu tulivu, weka nyimbo unayoijua vizuri iliyorekodiwa safi, redio robo tatu, ongeza geini pole pole huku unasikiliza sauti ya muimbaji hasa kwenye "s" na matarumbeta. Ikianza tu kuwa na ukakasi rudisha nyuma mpaka uishe, halafu rudisha tena kidogo. Usifanye hivi injini inaunguruma hutasikia kitu utajidanganya. Ukipiga taarabu za zamani za kwenye kanda utaona sauti iko chini kidogo, ni kawaida zilirekodiwa chini, usikimbilie bisibisi.

La mwisho kwako, krosova, kile kinachochagua sauti zipi ziende kwenye spika. Kama amplifaya ina HPF, ile inayozuia besi za chini, iwashe, weka kwenye Hz 100. Spika ya inchi 6.5 iliyofungwa kwenye kiboksi cha plastiki juu ya boda hakuna besi nzito itakayoitoa, unaipotezea nguvu tu na kuichana.

Niaje fundi, nakusoma nikiwa Nakuru. Nduthi (pikipiki) yangu ina mziki poa lakini kuna ka-sauti kanalia wiiiii, nikivuta mafuta kanapanda na mimi. Nimebadilisha waya za RCA bado. Shida ni amp?

Poa sana ndugu. Kwanza ukifanya haya ya hapo juu ukashusha geini, huenda nusu ya hako kasauti kakaondoka, maana geini ikiwa juu inakuza mziki na takataka zote zinazosafiri na mziki.

Kakibaki, chomoa RCA kwenye amplifaya ukiwa umewasha injini. Kakinyamaza, shida iko huko mbele kwenye redio au waya. Kakiendelea, ni umeme na earth (waya hasi) ya amplifaya yenyewe. Na swali, unachaji simu kwenye pikipiki hiyo hiyo huku umeichomeka redioni kwa waya wa AUX? Chomoa chaja usikie, mara nyingi mchawi ndo huyo, simu inapata earth njia mbili. Ukitumia Bluetooth badala ya waya kanakufa hapo hapo.

Kama siyo hiyo, earth ya redio na earth ya amplifaya zote zipeleke sehemu moja, bora kwenye nguzo hasi ya betri moja kwa moja kuliko kwenye boliti ya fremu yenye rangi na kutu. RCA zisipite na waya mkubwa wa umeme wala karibu na koili ya plagi. Na kofia ya plagi kama uliweka ya bei rahisi isiyo na rizista, weka yenye rizista, kama kasauti ni tik tik tik tik kuliko wiiii basi ni hiyo.

Shikamoo fundi. Mimi niko Tanga, nina redio ya pikipiki haina RCA, ina waya za spika tu. Rafiki yangu akakata waya wa RCA akaunga kwenye zile waya za spika ili tupate amplifaya. Ilipiga sekunde chache ikanuka, sasa haiwaki. Kosa ni geini?

Marahaba mdogo wangu, pole. Hapo geini haihusiki. Redio nyingi za hivyo waya zote mbili za spika zina umeme, kila mmoja uko kama nusu ya volti za betri, hakuna hata mmoja ambao ni earth. RCA ule mzunguko wake wa nje ni earth. Ukiunga, umeupeleka waya wenye umeme moja kwa moja chini, IC, ile chipu ya kukuza sauti ndani ya redio, imeungua. Ukipata redio nyingine nunua kale kaboksi kanakogeuza waya za spika kuwa RCA, hata ka bei ndogo kanafaa, au tafuta amplifaya yenye soketi yake ya waya za spika. Hako kaboksi nako kakiwa na skrubu zake za geini, unaanza nazo zikiwa chini.

Fundi nikiwa spidi sisikii kitu, si niongeze tu geini kidogo?

Hapana bana. Ukitaka sauti iongezeke desibeli 3 unahitaji wati mara mbili, na desibeli 3 kwenye upepo hata abiria hatagundua. Angalia nyuma ya spika au kwenye boksi, kuna namba ya dB (desibeli), ukitoka spika ya 88 ukaenda ya 94 ni sawa na umezidisha wati mara nne bila kugusa betri. Zielekeze usoni siyo angani. Na unayeshinda nayo kutwa, masikio yanavumilia desibeli 85 kwa saa 8, ikifika 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, we jipigie hesabu.

Naombwa laki na ishirini kwa amplifaya imeandikwa wati 1000, nichukue?

Angalia fyuzi yake. Kama ni ya ampea 10, zidisha kwa 14, ni wati 140 zinazoingia. Haiwezi kutoa 1000 ikila 140, na hapo bado joto halijachukua chake. Halafu taa yako ya mbele tu ni wati 35 na inatoka kwenye koili hiyo hiyo ya chaji, kwa hiyo hata hizo 140 sijui utazipata wapi. Mwambie akupunguzie.